Mfagizi wa Nguzo Sita

Jaldesa alianza kumchukia Gershom siku aliyomsikia akiwaeleza wageni maana ya matundu.

Matundu yenyewe yalikuwa juu ya kuta za msikiti, mstari mmoja ulionyooka, kila tundu upana wa ngumi mbili. Kwa miaka thelathini Jaldesa aliyatazama, akawajua na popo waliozaliana humo, na hakuwahi kujiuliza ni ya nini. Sasa mwanamume wa Kulesa, Mpokomo, Mkristo, mkulima wa mpunga na ndizi, alikuwa amesimama katikati ya msikiti miguu mitupu akisema, "Hapa ziliingia boriti za mkoko. Boriti haipiti urefu huu, ndiyo maana nguzo zikawekwa karibu karibu. Upana wa msikiti huu hakuuamua fundi, uliamuliwa na mti." Wageni, walimu wawili kutoka Garsen na wake zao, walitikisa vichwa kwa mshangao. Mmoja akamgeukia Jaldesa, aliyekuwa pembeni na ufagio wake, akamwuliza kama ni kweli. Jaldesa hakujua, lakini alijibu kwamba ni kweli. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Jaldesa hakukonda, kwa kuwa hakuwa na cha kukonda, lakini kidonda alikuwa nacho, na tangu siku ile alikikuna asubuhi na jioni.

Tumtendee haki kidogo kabla hatujamsema. Msikiti ule uliitwa Nguzo Sita, ingawa nguzo zilizosimama zilikuwa nne. Ulikuwa porini kati ya Garsen na Kipini, kando ya mkondo mkavu ambao Mto Tana uliuacha zamani ukaenda kutafuta njia nyingine, kama ulivyo mtindo wa mto huo. Aliyeujenga hakuna aliyemjua. Baba yake Jaldesa, mzee Galma, aliposilimu pamoja na watu wa kwanza wa ukoo wake wa Kiorma, aliukuta umejaa miiba na kinyesi cha nyani, akaapa kwamba nyumba ya Mungu haitakuwa chafu na yeye yu hai. Akaufyeka, akauzungushia boma la miiba ili ng'ombe wasiingie, akaufagia kila Alhamisi. Alipokufa, ufagio ukashikwa na mwanawe. Ng'ombe wa nyumba ile akizaa, maziwa ya kwanza yalipelekwa msikitini, watoto wakayanywa wamekaa kwenye ngazi za mimbari. Watu wakitaka kwenda kuomba mvua, walipita kwa Jaldesa kwanza. Hakuwa sheikh, hakujua kusoma, na ng'ombe wake hawakufika hamsini, lakini alikuwa mwenyewe wa Nguzo Sita. Hilo lilimtosha.

Basi mwaka wa hamsini na nne, maji ya gharika yalipokauka, akaja Mzungu wa serikali na lori, mahema na sepetu. Kazi yake ilikuwa kuchimba magofu. Watu walimpa jina la Bwana Vigae, kwa kuwa aliokota vigae vya vyungu vya kale na kuviosha kwa mswaki wa meno, kimoja kimoja, kama mama aogeshaye mtoto mchanga. Siku ya kwanza alitembezwa na Jaldesa. Alipouliza historia ya mahali pale, Jaldesa alimpa yote aliyokuwa nayo: walijenga watu wa zamani, wakaondoka, Mungu ndiye ajuaye. Bwana Vigae akaandika mstari mmoja, akafunga daftari.

Akaajiri wachimbaji kumi kutoka Kulesa na Hewani, Gershom akiwa mmoja wao, na kabla ya wiki mbili kwisha Gershom akawa msimamizi. Kilichompandisha ni udongo. Mtu aliyelima kando ya Tana maisha yake yote analijua tope: hili limeletwa na mto, ule ni mchanga wa mvua, hilo ni vumbi la kiangazi. Mzungu alihitaji miwani na kitabu kuona tofauti. Gershom alisugua kwa kidole, akanusa, akasema. Jioni wawili hao walikaa juu ya masanduku wakichora kuta na kuhesabu matabaka, na Jaldesa akawatazama kutoka upande wa pili wa boma, akitamani yule mtu awe mwizi, au mlevi, au walau mwongo. Hakuwa. Mungu alimnyima hata kasoro moja ya kumliwaza jirani.

Tena alikuwa na adabu, jambo lililozidi kumuudhi Jaldesa. Kila alipopita alisema, "Shikamoo, mzee Jaldesa," akangoja aitikiwe. Wazazi wao walikuwa marafiki wa kubadilishana maziwa kwa mpunga, na wiki za kwanza Jaldesa aliwapelekea wachimbaji kibuyu cha maziwa kila asubuhi. Baada ya siku ya matundu, kibuyu kilifika na maziwa yaliyoanza kuchacha. Baadaye hakikufika kabisa.

Jioni moja Bwana Vigae aliwakusanya akawaambia kazi itaisha kabla ya mvua za vuli. Akishaondoka, serikali itaweka mwangalizi mmoja, apewe koti la kaki na kibati cha shaba kifuani, awapokee wageni na kuwaeleza habari za msikiti. Hakusema atakuwa nani. Watu wote wakamtazama Gershom, na Jaldesa akawaona wanavyomtazama.

Alifika nyumbani hakugusa chakula. Mkewe, Darmi, alimwacha mpaka akachoka kumwacha.

"Baba Barwako, huyo Gershom amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi?"

"Anaujua msikiti wangu kuliko mimi."

Darmi akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mwambie akufundishe, mjue wote wawili."

"Mimi nifundishwe kibla na mla nguruwe pori?"

"Kibla hajakufundisha. Amekufundisha matundu," akasema Darmi, akaondoa chakula.

Juma lililofuata Bwana Vigae aliwaalika wazee watatu kutoka Kipini, watu wa pwani hasa, kofia nyeupe na bakora, waje waseme wanayoyajua. Walitandikiwa mkeka kivulini mwa ukuta. Jaldesa aliwaletea maji ya kunywa, akabaki hapo hapo kusikiliza, na kwa kitambo alisahau chuki zake, maana wazee wale walisema mambo. Walisema mawe ya msikiti ni matumbawe yaliyopandishwa mtoni kwa majahazi. Nakshi za mihrabu zilichongwa jiwe likiwa bado bichi, maana jiwe hilo likikauka halikubali tena patasi. Vile vishimo vya duara pembeni mwa mihrabu vilikuwa vya bakuli za Kichina, buluu na nyeupe, zilizopachikwa ukutani. Na bamba la jiwe gumu kando ya birika la udhu lilikuwa la kusugulia nyayo baada ya kutawadha. Jaldesa alikuwa akinolea kisu chake juu ya bamba hilo tangu ujana.

Kisha Bwana Vigae akauliza mji ulikufaje. Mzee mkubwa akasema wazazi wao waliwahadithia kwamba Waorma walikuja kutoka kaskazini na mikuki, wakautia moto, dari ikaanguka, na watu wakakimbilia visiwani. Kalamu ya Bwana Vigae ilikimbia kurasa mbili. Mzee wa pili, mtu muungwana, akamwona Jaldesa amesimama na mtungi, akamwambia, "Si nyinyi wa leo, ndugu yetu." Jaldesa akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwaga maji yaliyobaki mahali ambapo hapakuhitaji maji.

Siku tatu baadaye walikuja wageni wengine, na Gershom akawatembeza. Alisema, "Wazee wa Kipini wanasimulia kwamba Waorma waliuchoma," na labda alikuwa na la kuongeza, lakini Jaldesa alikuwa ameshatupa ufagio chini na kuondoka. Kwanza huyu mtu alimchukulia msikiti. Sasa anasimama ndani yake akiwaambia watu kwamba mwenyewe ndiye mvunjaji. Nyumba ambayo baba yake aliiokoa kutoka kwa nyani! Alitembea hadi mkondo mkavu, akakaa peke yake akiwaza jinsi koti la kaki litakavyomkaa Gershom, na akaona litamkaa vizuri.

Ikafika Ijumaa. Kufikia hapo msikiti wote ulikuwa umechimbwa hadi sakafu ya chokaa, isipokuwa pahali pamoja. Mbele ya mihrabu walibakisha udongo wima kama ukuta, kimo cha kiuno, uliokatwa ukanyooka ili matabaka yote yaonekane kutoka sakafu hadi juu. Bwana Vigae alitaka kuupiga picha, filamu ikawa imekwisha. Akaondoka na lori kwenda Mombasa kuitafuta, akaacha amri kwamba ukuta ule usiguswe na mtu mpaka arudi. Gershom ndiye mlinzi.

Jumamosi Gershom alikuja nyumbani kwa Jaldesa na mkungu wa ndizi begani.

"Mzee Jaldesa, kesho asubuhi, mimi sijaenda kanisani bado, njoo pale mbele ya mihrabu. Iko kitu nataka kukuonyesha. Nataka uone wewe kwanza, hata Bwana sijamwambia."

"Unionyeshe mimi? Msikitini kwangu?"

"Ni habari njema, mzee."

"Habari zako nimezisikia. Chukua ndizi zako."

Kurudisha zawadi ya jirani wa mto ni jambo ambalo mzee Galma hakulifanya hata mwaka wa njaa. Gershom alisimama kidogo, akatazama chini, akaubeba mkungu wake akaenda. Kama Jaldesa angeuliza neno moja tu, habari gani, hadithi hii isingekuwapo. Lakini mwenye wivu haulizi, kwa kuwa anadhani anajua.

Jumapili wachimbaji wote walikwenda ibadani Kulesa, mwendo wa saa mbili. Porini hapakubaki mtu. Jaldesa aliwatoa ng'ombe wake zizini jua likiwa limepanda, akawaelekeza Nguzo Sita. Ile miiba ya langoni, ambayo yeye mwenyewe aliikata na kuibadilisha kila mwaka ili mnyama asitie kwato ndani, aliishika kwa mikono yake akaivuta kando.

Ng'ombe mkubwa mwekundu aliyeongoza kundi alisimama mlangoni, akakataa. Tangu azaliwe alifukuzwa pale. Jaldesa alimpiga fimbo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwisho akaingia, na wenzake nyuma yake, wakisukumana kati ya nguzo. Mmoja akatumbukia palipochimbwa akababaika, akautegemea ule ukuta wa udongo, ukapasuka. Wengine wakaukanyaga. Ndani ya muda wa kuchemsha chai hapakuwa na ukuta, palikuwa na kifusi, mavi na maji ya mkojo mbele ya mihrabu. Jaldesa alitazama akangoja kufurahi. Alifurahi kidogo, tena kwa haraka, kama mtu anayekula cha wizi. Akawatoa ng'ombe, akaketi langoni kuwangoja watu, kisingizio kikiwa tayari mdomoni.

Gershom alirudi alasiri, peke yake, ametangulia wenzake, kitabu cha nyimbo mfukoni mwa shati.

"Ng'ombe wamevunja boma," Jaldesa akasema. "Ni kiu iliyowasukuma."

Gershom akaitazama miiba. Haikuvunjwa, ilikuwa imewekwa kando vizuri, mashina upande mmoja. Akavua viatu, akaingia, akachuchumaa mbele ya kifusi. Alichukua udongo akausugua kwa kidole, akauacha uanguke.

"Sasa imechanganyika," akasema. "Sasa haisemi kitu."

"Ni udongo tu."

"Mzee, ilikuwa hivi." Akaweka kiganja juu ya sakafu ya chokaa. "Hapa sakafu. Juu yake tope la mto, jembamba, kama kidole. Vumbi. Tena tope. Mara saba nimehesabu. Gharika saba, mzee, maji yanaingia na hakuna mtu wa kufagia. Halafu, juu ya tope lote hilo, ndiyo ikaja dari. Boriti zimeoza, chokaa imevunjika, imelala juu ya tope. Unaelewa? Watu walikwisha kuondoka zamani, nyumba bado iko nzima. Dari ilianguka yenyewe."

Jaldesa akasogea hatua moja karibu.

"Na jivu hakuna. Nimetafuta. Kama nyumba imechomwa jivu halipotei, mimi nachoma shamba kila mwaka, nalijua. Hakuna hata la ukucha. Nafikiri mto ulihama, kisima kikawa chumvi, watu wakaenda zao." Akainuka, akapangusa magoti. "Watu wenu hawakuchoma, mzee. Ndiyo hiyo habari. Nilitaka uione kwa macho yako kabla Bwana hajarudi."

Jaldesa aliangaza macho pande zote za msikiti. "Kwingine?"

"Kwingine kote tumechimba, tumetupa. Wakati ule hatukujua tunatafuta nini. Ilibaki hapa tu."

Sitasema Jaldesa alihisi nini, kwa sababu hata yeye hakulipatia jina. Najua tu kwamba alichukua ufagio akaanza kuondoa mavi ya ng'ombe mbele ya mihrabu, na Gershom akaenda kuleta sepetu, wakafanya kazi hiyo pamoja hadi jua likaegemea.

Jumatano lori likarudi. Bwana Vigae aliposimama juu ya kifusi uso wake ulikuwa mwekundu, akauliza mara moja tu: nani?

Jaldesa alifungua mdomo. Mimi ninamwamini, nadhani alikusudia kusema. Lakini alichelewa kwa pumzi moja, na pumzi hiyo Gershom akaitumia.

"Ng'ombe waliingia, Bwana. Nilikuwa kanisani. Lango sikulifunga vizuri, makosa ni yangu."

Kisha akaeleza aliyoyaona, gharika saba, dari juu ya tope, jivu hakuna. Bwana Vigae alimsikiliza hadi mwisho. Akasema anamwamini, lakini kitabuni hawezi kuandika alichokiona mtu mmoja mahali ambapo hapapo tena. Hana picha, hana mchoro. Alicho nacho ni maneno ya wazee wa Kipini, na hayo yameshaandikwa. Akasema pia kwamba mlinzi asiyefunga lango hawezi kuwa mwangalizi wa msikiti.

Ndivyo Jaldesa alivyopata koti.

Lilikuwa refu mikononi, Darmi akalikunja. Pamoja na koti ilikuja karatasi iliyopigwa chapa, mistari ishirini na miwili ya Kiswahili, ambayo mwangalizi alitakiwa kuwasomea wageni. Kwa kuwa Jaldesa hakujua kusoma, Bwana Vigae alimwagiza Gershom amfundishe kwa moyo kabla ya kambi kuvunjwa. Walikaa siku sita kwenye ngazi za mimbari, Gershom akisoma na Jaldesa akirudia: nguzo, boriti, matumbawe, bakuli za Kichina, bamba la kusugulia nyayo. Siku ya nne walifika mstari wa kumi na saba.

"Gershom," akasema Jaldesa, "mimi siku ile..."

"Mstari wa kumi na saba, mzee," akasema Gershom taratibu. "'Mji huu uliangamizwa kwa moto na Waorma.' Rudia."

Akarudia. Na hata hapo, akiwa na koti mwilini na kibati kifuani, alikuwa akimwonea wivu mtu aliyekaa kando yake, wivu mkali kuliko wa matundu. Koti lilikuwa lake na msikiti ulikuwa wake, lakini kile ambacho kingewasafishia jina baba yake, na baba wa baba yake, kilikuwa ndani ya macho ya Gershom, na hakukuwa na njia ya kukitoa humo.

Mwezi wa Rajabu binti yake, Barwako, alikuja kutoka kwa mumewe upande wa Bura, pamoja na mama mkwe wake na wanawake wanne wa ukoo, kuomba mvua Nguzo Sita. Alipomwona baba yake langoni na koti lenye vifungo vya shaba, alifurahi mpaka akaona haya. Akawaambia wenzake wakae, wasikie. "Baba, tuambie wote, kama unavyowaambia Wazungu."

Jaldesa akawaambia. Aliwaonyesha matundu, akasema upana wa msikiti uliamuliwa na mti, na wanawake wakashangaa kama walivyoshangaa walimu wa Garsen. Aliwaonyesha mihrabu na vishimo vya bakuli. Sauti yake ilikuwa nzuri, na Barwako akamtazama mama mkwe wake kuhakikisha anasikia. Alipofika mstari wa kumi na saba alinyamaza. Mama mkwe akauliza kwa heshima, "Na watu wake walikwenda wapi?"

Jaldesa akasema mstari kama ulivyoandikwa.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Barwako akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiorma, "Baba, ni kweli?"

"Si kweli."

"Basi kwa nini unaisema?"

"Ushahidi ulikuwa hapa." Akaonyesha sakafu safi mbele ya mihrabu. "Nilifungua lango, nikaupitishia ng'ombe wa mama yako. Sikuuona. Nilikataa kuuona."

Barwako akaitazama ile sakafu. Nyuma yake mama mkwe alikuwa ameshasimama, anajifunga mtandio. "Hakuna mtu aliyeuona?" Barwako akauliza.

"Yuko mmoja," akasema Jaldesa. Ilimchukua muda kulitoa lile jina, na lilipotoka lilikuwa dogo kuliko alivyolizoea. "Nendeni Kulesa, mkamuulize Gershom. Habari za msikiti huu anazo yeye."